Steringi Akifa

Kanuni ya kwanza ya kibanda cha video haikuandikwa ukutani, lakini kila aliyekulia Nachingwea au Ruangwa na akawahi kubanana na wenzake kwenye benchi la mbao anaijua: steringi hafi. Anaweza kupigwa risasi ya bega, akatumbukia mtoni, akafungwa kamba kwenye reli huku treni inakuja, na bado watazamaji wakaendelea kumenya karanga kwa utulivu. Mkataba upo. Maadui watapungua mmoja mmoja, bosi wao atabakizwa mwisho, na steringi atatoka kwenye moshi akichechemea, shati limechanika, roho iko palepale. Mtoto akiuliza kama atakufa, benchi zima humcheka.

Siku mkataba huo unapovunjwa, ukumbi hubadilika. Steringi amelala chini na picha haihami. Inamrudia usoni, inamrudia tena, muziki unapanda, na watu wanaanza kuelewa kwamba safari hii haamki. Makelele yanakatika. Halafu kinaanza kikohozi. Mtu mzima mmoja anakohoa huko nyuma, mwingine anamwitikia karibu na mlango, wa tatu anainama kutafuta kandambili zilizo miguuni mwake. Kijana akimgeukia jirani yake na kumwuliza, "Mjomba, vipi tena?" jibu liko tayari: vumbi. Na Nachingwea ina vumbi la kutosha kumsitiri mwanamume yeyote.

Kikohozi hicho kinastahili kusikilizwa. Hawa ni watu waliozika wazazi na watoto wao wakiwa wima, walioona mvua ikiwakimbia mwezi wa mahindi kubeba, waliosubiri malipo ya korosho mpaka deni la dukani likawa aibu ya mtaa mzima, na katika yote hayo hakuna aliyewaona wakijifuta macho. Kisha jioni moja wanaangushwa na kifo cha mtu asiyekuwepo, Mhindi au Mmarekani ambaye hata jina lake ni kazi kulitamka.

Filamu zilifika huku kwa kuchelewa. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, miongo miwili hivi baada ya Zanzibar kuanza kurusha picha za rangi. Barabara ya kusini nayo ilikuwa mtihani: kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, magari yalivushwa mto Rufiji kwa pantoni, na masika yakikolea safari ya Dar es Salaam ilihesabiwa kwa siku. Mkanda wa VHS uliofika Nachingwea ulikuwa umesafiri kama abiria mwingine, ndani ya begi, juu ya gunia la mtu. Ukishafika ulioneshwa mpaka ukachoka, mpaka mistari ikaanza kupita usoni mwa steringi kama mvua.

Kibanda chenyewe hakikuhitaji mengi. Kuta za udongo au mabati, madirisha yaliyozibwa kwa magunia, televisheni juu ya meza ndefu, deki, spika mbili, na nyuma ya ukuta jenereta linalonguruma. Nje, mama anauza ming'oko ya kuchemsha. Baadaye mpira wa Ulaya ulipoingia kwa dishi, jina la kibanda umiza likashika, na jina hilo linasema kweli, kwa sababu dakika 90 kwenye benchi lisilo na mgongo zinaumiza. Kuanzia Oktoba, minada ya korosho ikianza na fedha za Runali, ushirika wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, zikawa zinafika mikononi, benchi hujaa mpaka watu wakasimama. Miezi ya ukata, watoto huchungulia kwenye matundu ya misumari.

Na mmoja wa masteringi wa mwanzo kabisa wa Tanganyika alikuwa kijana wa upande huuhuu. Rashidi Kawawa, aliyesoma shule ya msingi Liwale, aliigiza katika filamu ya Muhogo Mchungu mwaka 1952, alipokuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni katika kazi za maendeleo ya jamii. Januari 1962 akawa Waziri Mkuu. Miaka 10 tu, kutoka kwenye kitambaa cheupe cha sinema hadi kiti cha mkuu wa serikali.

Lakini machozi yana filamu zake, na katika kizazi cha kanda ilikuwepo moja iliyotosha kuwa somo zima. Sholay, ya mwongozaji Ramesh Sippy, ilitoka India Agosti 1975 na kuenea popote penye wapenzi wa picha za Kihindi. Ina masteringi wawili, na mmoja inamuua. Jai, anayechezwa na Amitabh Bachchan, na Veeru, anayechezwa na Dharmendra, ni wezi wawili waliokodiwa na ofisa mstaafu wa polisi kumkamata jambazi Gabbar Singh, aliyemkata mikono yote miwili. Kila wanapofika njia panda, Jai hurusha sarafu hewani. Ikiangukia upande huu, tunafanya hivi. Ikiangukia ule, tunafanya vile. Mwisho wa picha wamebanwa darajani, risasi zinakwisha, Jai ana jeraha. Lazima mmoja akafuate risasi na mmoja abaki awazuie maadui. Sarafu inarushwa. Inaamua Jai abaki.

Veeru anarudi na kumkuta rafiki yake anakata roho. Hapo watazamaji wengi bado wanavumilia. Wamekaza taya, wanatazama mbele. Kisha Veeru anaiokota ile sarafu, anaigeuza, na kuona kwamba ina sura moja pande zote mbili.

Hapo ndipo wanaume huanguka. Kifo walikiona kinakuja tangu jeraha la kwanza, wakajipanga. Sarafu hawakujipanga nayo. Kwa ghafla mtu anaelewa kwamba katika picha nzima, kila bahati iliyomwangukia Veeru haikuwa bahati. Palikuwa na mtu anayempendelea kimyakimya, anayeficha upendo wake ndani ya mchezo ili asishukuriwe. Na wanaume wa Nachingwea wanaujua upendo wa namna hiyo kuliko ule wa maneno, kwa sababu ndio waliopewa. Baba anayesukuma bakuli na kusema ameshiba, ili watoto wamalize samaki, naye anarusha sarafu yenye sura moja. Mjomba anayekuja na baiskeli "aliyoikuta tu mahali" siku mpwa wake anapofaulu kwenda sekondari, naye vilevile. Wengi waliifahamu hila hiyo wakati mwenye sarafu ameshazikwa. Ndiyo maana kikohozi huanza Veeru anapoigeuza sarafu, na si risasi inapopiga.

Miaka minne kabla ya hapo ilikuwa imetoka Haathi Mere Saathi, ya Rajesh Khanna na tembo wake Ramu, anayejiweka mbele ya risasi iliyolengwa kwa bwana wake. Filamu hiyo ni rahisi, karibu ya kitoto, lakini inapata uzito wa peke yake ikitazamwa na watu wa wilaya hizi. Vijiji vya Nachingwea vinavyopakana na mapori, upande wa Kilimarondo na Mbondo, vinamjua tembo kwa hasara: usiku mmoja unatosha shamba la mahindi kubaki miguu mitupu ya mabua. Mtu wa huko hana sababu ya kumhurumia tembo. Hata hivyo Ramu anapoanguka, jambo la mazao halikumbukwi. Anayeonekana pale ni aliyekula pamoja na nyumba, akafanya kazi pamoja na nyumba, na mwisho akasimama mlangoni.

Kitu kingine kiliwasogeza mashujaa hawa wa mbali mpaka wakawa majirani: sauti. Dar es Salaam ilizaa wasimulizi wa filamu, na jina lililotangulia mengine yote ni la Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana nchi nzima kama Lufufu. Msimulizi hupunguza sauti ya picha na kusema yeye, kwa Kiswahili cha mtaani, akieleza, akionya, akiwapa wahusika tabia wanazozijua wasikilizaji wake. Mtafiti wa Kijerumani Matthias Krings, aliyeichunguza fani hiyo, aliieleza kwa mfano wa jikoni: wali unageuzwa pilau. Mfano huo unatosheleza. Wali ni uleule, lakini sasa una bizari na karafuu za nyumbani.

Wasiozipenda filamu zilizotafsiriwa husema zinaharibu kazi ya mwongozaji. Huenda, kwa upande wa picha za mapigano. Kwenye huzuni, mambo ni tofauti. Msimulizi mzuri anajua kunyamaza. Ameongea saa nzima bila kupumua, ametania maadui, amemsifu steringi, na kifo kinapofika anashusha sauti, anasema maneno mawili matatu, kisha anawaachia watu picha. Ukimya wa mtu aliyekuwa akiongea mfululizo ni mzito kuliko ukimya wa kawaida. Ni kama msibani, pale mzee mwenye mazungumzo anapoishiwa.

Maabara nazo zimeshughulika na jambo hili. Mwaka 1995 wanasaikolojia wa Marekani James Gross na Robert Levenson walichapisha utafiti wa vipande vya filamu vinavyoweza kuamsha hisia fulani kwa uhakika, na kwa huzuni kimoja cha vilivyoshinda kilikuwa mwisho wa The Champ, filamu ya Franco Zeffirelli ya mwaka 1979. Bondia aliyechoka anarudi ulingoni kwa ajili ya mwanawe, anashinda pambano, halafu anafia chumbani mbele ya mtoto huyo, ambaye anamtikisa na kumsihi aamke. Kipande hicho cha dakika chache kimetumika tangu hapo katika tafiti nyingi duniani. Mwenye kibanda yeyote wa Ruangwa angewaambia watafiti wale kwa nini kinafanya kazi. Steringi ameshinda na bado amekufa, na anayebaki kumwamsha ni mtoto.

Mwanakemia William Frey, pia wa Marekani, aliwahi kuwahesabia watu vilio vyao katika miaka ya 1980, akakuta wanawake wanalia zaidi kidogo ya mara 5 kwa mwezi, na wanaume zaidi kidogo ya mara 1. Lenye kushangaza zaidi lilikuja mwaka 2011, Ad Vingerhoets wa Uholanzi na wenzake walipolinganisha nchi 37: wanaolia sana hawakuwa watu wa nchi zenye shida sana. Walikuwa wa nchi zenye uwezo na uhuru mkubwa zaidi wa mtu kujieleza. Kwa maneno mengine, machozi hayapimi mateso. Yanapima ruhusa.

Ruhusa hiyo, kwa mvulana wa kusini, hufungwa mapema. Wamwera, Wayao, Wamakua na Wamakonde kila mmoja ana desturi zake, lakini jando linawaunganisha: likumbi kwa Wamakonde, lupanda kwa Wayao, nyakanga, kiongozi wa jando, yuko mbele, wavulana wanatengwa na mama zao, wanarudi wakiwa watu wengine, pengine kwa jina jingine. Somo la kuvumilia maumivu limo tangu siku ya kwanza. Kisu kinapofanya kazi yake ngoma hupigwa kwa nguvu, na sababu yake watu wazima wanaijua: kilio cha mtoto kisitoke nje kikamfikia mama yake.

Ngoma ile haimkatazi mtoto kulia. Inamfunika. Waliomwekea mtoto ngoma walijua fika kwamba atalia, wakampa kelele za kujifichia. Miaka 30 baadaye mtoto huyohuyo, sasa baba wa watoto 5, ameketi gizani kwenye kibanda, na spika mbili zinanguruma kwa nguvu zile zile. Hakuna mahali pengine katika maisha yake ambapo giza, kelele na wanaume wenzake vimekutana tena namna hii. Msikitini pana mwanga, shambani yuko peke yake, nyumbani anatazamwa na watoto. Kibanda ni likumbi ya pili, na ndani yake analia kwa kisingizio cha mtu mwingine.

Kuna wakati kifo cha steringi hakikuishia kwenye picha. Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga mwaka 1984, akajulikana kupitia kundi la Kaole kwenye ITV, kisha akawa uso wa filamu za Kibongo. Diski zake zilifika kila mnada. Sehemu kubwa ya mapenzi aliyopata kwa wanaume wenye familia ilitokana na filamu alizocheza na watoto, kama Uncle JJ. Jina hilo peke yake lina uzito kusini. Kwa watu wanaohesabu ukoo upande wa mama, mjomba ni nguzo ya nyumba. Ndiye anayeitwa pakiwa na posa, ugonjwa, kesi na mazishi. Mwanamume wa Ruangwa anapomtazama mjomba akihangaika na watoto wasio wa kuwazaa, anaitazama kazi yake mwenyewe.

Kanumba alifariki Dar es Salaam usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 7 Aprili 2012, mkesha wa Pasaka, akiwa na miaka 28. Maelfu walifurika viwanja vya Leaders Club kumuaga, wengine wakazimia, naye akazikwa makaburi ya Kinondoni. Siku zilizofuata vibanda vilionesha filamu zake mfululizo, na kanuni ya zamani ikawa imepinduka. Sasa kwenye picha steringi alikuwa hafi, anacheka, anawabeba watoto, na watazamaji walikohoa kwa sababu hiyohiyo. Filamu ya kuchekesha ikawa ya msiba bila hata neno lake moja kubadilishwa.

Kulia hadharani kwa ajili ya mkubwa aliyeondoka halikuwa jambo geni kwa Watanzania. Mwalimu Nyerere aliposoma redioni taarifa ya kifo cha Edward Sokoine, tarehe 12 Aprili 1984, waliomsikia hawakuisahau sauti ile. Oktoba 1999 ilikuwa zamu ya Benjamin Mkapa, mwana wa Lupaso wilayani Masasi, kulitangazia taifa kifo cha Mwalimu kwa sauti iliyojaa majonzi. Siku hizo hakuna aliyesema vumbi. Ruhusa ilikuwa imetoka juu.

Katika wilaya hizi ambako Waislamu ni wengi, ipo filamu nyingine inayolainisha wazee, na watu huitazama kwa adabu ya ibada zaidi ya burudani. The Message ya Moustapha Akkad, ya mwaka 1976, inasimulia mwanzo wa Uislamu bila kumwonesha Mtume wala kusikika sauti yake. Pale anapopaswa kuwepo ipo kamera, na wahusika huielekea kwa macho na kuisemesha. Matokeo yake mtazamaji anajikuta anatazamwa na masahaba, kana kwamba amepewa nafasi asiyostahili, na wengi huinamisha vichwa. Hamza, aliyechezwa na Anthony Quinn katika toleo la Kiingereza, anauawa Uhud kwa mkuki, akiwa mpiganaji ambaye hakuna aliyemweza ana kwa ana. Huyo ni steringi aliyekufa, na kikohozi chake kinajulikana. Lakini machozi mengi zaidi huenda kwa Bilal, mtumwa Mwafrika aliyelazwa juani na kubebeshwa jiwe kifuani, kisha akawa mtu wa kwanza kupandisha sauti ya adhana. Hapo hakuna anayekufa. Mtu aliyedharauliwa anainuliwa, basi, na wazee ambao hawakulilia jiwe wanalilia adhana.

Kwa Wakristo kuna filamu ya Jesus ya mwaka 1979, iliyotiwa sauti ya Kiswahili na kuzungushwa vijijini kwa projekta na shuka jeupe katika sehemu nyingi za nchi. Mkataba wa steringi humo unavunjwa Ijumaa na kulipwa Jumapili.

Linabaki jambo la Nachingwea yenyewe mbele ya kamera, na hapa wilaya ina deni inalodai. Waingereza walikuja na mpango wa karanga baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakang'oa miti kwa matrekta, wakajenga reli kutoka baharini, na kufikia mwaka 1951 mpango ulikuwa umekufa. Reli nayo iling'olewa katika miaka ya mwanzo ya uhuru; iliyobaki ni kata inayoitwa Stesheni, isiyo na treni. Mashamba yale ya karanga yaliwaachia watu jina la Farm 17, na katika miaka ya 1960 Tanzania ikaikaribisha hapo kambi kuu ya mafunzo ya Frelimo, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji. Samora Machel aliongoza mafunzo hapo. Mwaka 1967 wasichana 25 wa kwanza walifunzwa silaha Nachingwea, na Josina Muthemba alikuwa mmoja wao. Aliolewa na Samora mwaka 1969, akafariki Dar es Salaam akiwa na miaka 25, akazikwa Kinondoni. Tarehe ilikuwa 7 Aprili 1971, ileile ya Kanumba kwa umbali wa miaka 41. Kamanda wa kambi, mtu aliyefundisha maelfu kutotetereka, alimwandikia mkewe shairi.

Watengenezaji wa filamu kutoka mbali waliyafuata mapambano hayo kwa kupitia Tanzania: Mwingereza Margaret Dickinson na Behind the Lines mwaka 1971, mwanasheria Mmarekani mweusi Robert Van Lierop na A Luta Continua mwaka uliofuata. Mwaka 1975 Dragutin Popović wa Yugoslavia alitoa filamu inayobeba jina la mji huu, Nachingwea. Mei mwaka huohuo Samora alivuka Ruvuma kuanza safari ya kwenda Maputo, akaingia huko Juni, mwezi nchi yake ilipopata uhuru. Tarehe 19 Oktoba 1986 ndege yake ilianguka Mbuzini, Afrika Kusini. Steringi wa Farm 17 alikuwa amekufa baada ya kushinda, kama yule bondia.

Ng'ambo ya Ruvuma kuna filamu ambayo ingestahili kuoneshwa katika kila kibanda cha Nachingwea. Tarehe 16 Juni 1960 askari wa Kireno waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika Mueda, uwanda wa Wamakonde, wakitaka kusikilizwa. Baada ya uhuru wakazi wa Mueda walikuwa wakiigiza tukio hilo mbele ya jengo lilelile la utawala, wengine wakivaa uzungu na kofia za maofisa, na mwaka 1979 Ruy Guerra aliligeuza igizo hilo kuwa filamu, Mueda, Memória e Massacre. Wananchi wanacheka pale Mreno wa kuigiza anapojivuna. Kisha risasi za kuigiza zinalia, na watu wanakimbia kikwelikweli. Hakuna steringi katika filamu hiyo. Waliokufa ni baba za watu, wajomba za watu.

Wazee waliofanya kazi jirani na Farm 17, waliopika, waliochimba visima, waliowauzia muhogo vijana wa Msumbiji na baadaye wakasikia kwamba hawakurudi, bado wapo wachache. Wamelilia tembo wa India na bondia wa Marekani. Picha zilizopigwa kwao wenyewe zimehifadhiwa mbali; zingestahili kuwekwa mbele yao kwenye benchi la mbao, na msimulizi wa Kiswahili akiwaeleza nani ni nani. Hilo ni jambo la kulipigania. Shule ya sekondari ya Farm 17 ina kuta nyeupe za kutosha.

Vibanda vya sasa si vile vya kanda. Namungo, timu ya Ruangwa, ikicheza ugenini, ukumbi mzima ni wa mpira. Filamu husubiri usiku ukue, na inatoka kwenye flashi ndogo kama ukucha. Ikiisha, imeisha, skrini inakuwa ya bluu na watu wanatoka. Zamani ya VHS palikuwa na kazi moja zaidi. Mkanda ulipaswa kurudishwa nyuma kabla ya onyesho la pili, na mwenye kibanda akiurudisha bila kuusimamisha kwanza, picha zilirudi nazo. Benchi zimebaki tupu, isipokuwa wanaume wawili watatu wa safu ya nyuma ambao hawajamaliza kukohoa. Mbele yao damu inapanda kurudi kifuani. Risasi inatoka mwilini na kuingia kwenye bunduki, moshi unaingia kwenye mtutu. Steringi anainuka bila kutumia mikono, kofia inamrukia kichwani, na anaondoka mbio kinyumenyume kuvuka daraja, kuelekea mwanzo wa picha, ambako bado hajajuana na mtu yeyote.